Nafasi ya kupumzika: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi, miji na fedha za umma

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa sheria za kazi, mipango ya miji na bajeti za umma, popote mlipo,

Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kupanga zamu. Nilikaa mbele ya karatasi pana iliyochorwa mistari, majina ya watu yakiwa upande wa kushoto na siku za wiki juu, nikajaza visanduku kimoja baada ya kingine kwa penseli yenye kifutio mwishoni. Naitaja penseli hii mapema kwa kuwa ndiyo chanzo cha malalamiko yangu, na malalamiko yenyewe yananihusu mimi kabla hayajawahusu ninyi. Sikuwahi kumwajiri mtu wala kumfukuza, na sikuwa na sauti juu ya mshahara wa yeyote, lakini nilikuwa na uwezo wa kumwondolea mtu jioni yake kwa kufuta na kuandika upya, bila yeye kuulizwa na bila mimi kuvunja sheria yoyote.

Alikuwepo mfanyakazi wa usafi ambaye sitamtaja jina. Alikuwa mchezaji hodari wa sataranji, na alikuwa amejiunga na chama kilichokutana jioni moja kila wiki. Aliniomba kitu kimoja tu, yaani ajue walau wiki mbili kabla iwapo jioni hiyo atakuwa kazini au la. Hakuomba apunguziwe saa wala aongezewe malipo. Nilimwahidi, na nadhani niliahidi kwa nia njema. Katika miezi iliyofuata nilifuta jina lake na kuliandika upya mara nyingi, kwa sababu mara mwenzake ameugua, mara kuna ugeni wa ghafla, mara mkubwa fulani amebadili mawazo, hata karatasi ikatoboka pale kwenye kisanduku chake. Jumla ya saa zake kwa wiki haikuzidi ile iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo mkaguzi yeyote angepitia hesabu zangu na kuondoka ameridhika. Yule mama aliacha chama cha sataranji. Kazi hakuiacha, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuiacha. Baadaye nilimkuta mara kadhaa kwenye ngazi za nyuma, wakati wa mapumziko ya dakika 20, akicheza peke yake kwenye ubao unaoenea kiganjani, kete zake zikiwa na vijiti vya kuchomekea ili zisimwagike akiitwa ghafla. Siku moja nilimuuliza, kwa utani, katika pande hizo mbili ni upi unaoshinda. Alinijibu kwamba mchezo haujawahi kufika mwisho.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo takwimu zenu za ajira hazilioni. Lugha yetu inalo neno linalolibeba vizuri: nafasi. Mtu akisema hana nafasi, huenda anasema hana muda, huenda anasema hana mahali, na huenda anasema hakupewa fursa; msikilizaji hutambua maana kutokana na mazungumzo, na mara nyingi maana zote tatu ni za kweli kwa pamoja. Mapumziko ni suala la nafasi kwa maana hiyo pana. Anayenyimwa muda, anayefungiwa mahali na anayeambiwa kwamba starehe si ya watu wa aina yake wanakosa kitu kilekile, na anayewanyima, aghalabu, ni mwenye madaraka ambaye hajioni kuwa ananyima chochote. Ombi langu kwenu ni kwamba mliangalie suala la mapumziko kama mnavyoliangalia suala la maji au ardhi, yaani kama kitu kinachogawanywa, kwa hiyo kinachoweza kugawanywa kwa dhuluma.

Si ombi geni. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa tarehe 10 Desemba 1948, linatamka katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake mwenyewe, pamoja na kuwekewa kikomo cha saa za kazi na kupata likizo za mara kwa mara zenye malipo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966 ulirudia jambo hilo katika kifungu cha 7. Tangu hapo haki hii imekuwa ikitajwa kwa nadra sana, na ikitajwa, hutajwa kwa tabasamu, kana kwamba waandishi wa mwaka 1948 walipitiwa na usingizi wakaingiza starehe katikati ya mambo mazito. Hawakupitiwa. Walikuwa watu waliokumbuka vizuri ilivyokuwa kabla ya kikomo, na walijua kwamba kikomo hicho hakikutolewa na mwajiri yeyote kwa hisani.

Waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliweka zana chini mwaka 1856 na kuandamana hadi wakapata siku ya saa 8, wakishikilia wazo lililokuwa limeenezwa miongo kadhaa nyuma na Robert Owen, mwenye kiwanda na mwanamageuzi kutoka Wales, kwamba siku igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: saa 8 za kazi, saa 8 za kulala, na saa 8 ambazo mtu hadaiwi na yeyote. Madai hayohayo ndiyo yaliyowatoa wafanyakazi barabarani Chicago mwezi Mei 1886, na damu ikamwagika. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake namba 1, kabla ya mwingine wowote, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki katika viwanda. Naomba mlitazame fungu lile la tatu. Watu wale walikwisha kutaja usingizi katika fungu lake, kwa hiyo hawakuwa wakidai muda wa kulala ili kesho wazalishe vizuri zaidi. Walidai muda usio na matumizi kwa mtu mwingine, na hilo ndilo hadi leo linawatatiza wakubwa wengi, ambao wako tayari kabisa kutetea mapumziko ilimradi waonyeshwe kwamba yanaongeza tija.

Ndiyo, yanaongeza afya, na sitaliacha jambo hilo, maana takwimu zake zinatisha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walifariki kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hata hivyo ningewasihi msiijenge hoja yote juu ya vifo. Yule mcheza sataranji hakuugua. Alikula, alilala, alikuja kazini kwa wakati, na kwa vipimo vyote vya afya kazini alikuwa mzima. Kilichopotea ni kitu ambacho daktari hana kipimo chake.

Dunia imebadilika kiasi kwamba kikomo cha saa peke yake hakitoshi tena. Zamani kengele ya kiwanda ilipolia, kila mtu alijua kwamba sasa ametoka. Leo kengele iko mfukoni. Ujumbe huja usiku, na hata usipoujibu umekwisha kuusoma, na ukishausoma umekwisha kurudi kazini kwa fikra. Yupo pia anayefanya kazi kupitia programu ya simu, akisafirisha abiria au vifurushi, ambaye hulipwa kwa safari na halipwi kwa kusubiri. Saa mbili alizokaa kando ya barabara akiitazama simu zinaandikwa wapi? Kwa mwenye programu hazipo, na kwa mwenyewe hazikuwa mapumziko, kwa kuwa akiizima simu amejifuta kazini. Muda huo hauna mwenyewe, na unazidi kuongezeka. Huyu mtu hana hata mtu wa penseli wa kumlalamikia, maana anayefuta na kuandika sasa ni kompyuta, na kompyuta haina ngazi za nyuma ambako ingeweza kukutana naye.

Wapo waliokwisha kuliona tatizo na kulitungia sheria, kwa hiyo msiseme haliwezekani. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha mwaka 2017 sheria inayowabana waajiri wakubwa wa biashara ya rejareja, hoteli na migahawa, ambayo tangu mwaka 2020 inawataka watoe ratiba ya zamu siku 14 kabla, na wakiibadilisha kwa kuchelewa wamlipe mfanyakazi fidia. Siku 14, yaani zilezile wiki mbili nilizoombwa na mtu mmoja nikashindwa kuzitoa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019 kuhusu masharti ya kazi yaliyo wazi na yanayotabirika, ulimpa mfanyakazi ambaye zamu zake hazina mpangilio haki ya kuikataa kazi aliyoarifiwa kwa kuchelewa bila kuadhibiwa. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kutambua kisheria haki ya kutopatikana kwa simu na barua pepe nje ya saa za kazi, na Australia ikaifuata mwaka 2024. Nimezisoma sheria hizi kwa jicho la mtu aliyekuwa upande wa pili wa karatasi, na naweza kuwahakikishia kwamba fidia ndiyo yenye meno. Ningekuwa nalazimika kuandika malipo ya ziada kila nilipogusa kifutio, wakubwa wangu wangeajiri mtu mmoja wa akiba, na mambo yangekwisha.

Sasa nihamie kwa wale ambao hata ratiba hawana. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za utunzaji zisizo na malipo, yaani kupika, kufua, kulea, kuuguza na kuhangaikia watu wa nyumbani, hufanywa na wanawake, na kwamba kwa wastani mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi hizo, mwanamume saa 1 na dakika 23. Tofauti ni ya saa 3 na dakika 2. Mnapotangaza siku ya mapumziko ya umma, tafadhali mkumbuke kwamba kwa sehemu kubwa ya wanawake mmetangaza siku ambayo kila mtu atakuwa nyumbani akihitaji kuhudumiwa. Na hata muda unaobaki kwao huja umekatwakatwa: dakika 10 mtoto akilala, robo saa chungu kikichemka, sikio likiwa wima wakati wote. Mtafiti anayeuliza maswali atauandika kuwa mapumziko. Ni sawa na kumpa mtu kitambaa cha kushona nguo kikiwa vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha kudai kwamba mita zinatimia.

Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri ndiye anayeonyesha jambo hili kwa ukali zaidi, kwa sababu kwake mahali pa kazi na mahali pa kupumzikia ni pamoja, na mara nyingi ni chumba kimoja. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, ulimpa saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Lakini kifungu ninachokipenda zaidi ni cha 9, kinachosema kwamba mfanyakazi aishiye ndani ya nyumba halazimiki kubaki humo au pamoja na watu wa nyumba hiyo wakati wa mapumziko yake. Aliyeandika kifungu hicho aliijua kazi. Alijua kwamba mtu aliye ofu, kama tunavyosema makazini, akikaa sebuleni hadi saa 4 asubuhi ataombwa tu ashike mtoto kidogo, na kwamba hicho kidogo hakina mwisho. Alijua pia kwamba anayeruhusiwa kutoka anahitaji pa kwenda, na hapo ndipo suala la muda linapogeuka kuwa suala la mahali.

Historia ya mahali pa starehe ni historia ya nani anaruhusiwa kuingia. Afrika Kusini ilitunga mwaka 1953 sheria ya kutenganisha fukwe, bustani, viti vya kukalia na vyoo vya umma kwa rangi za watu, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1990. Jackson, jimbo la Mississippi, ilipoamriwa kuacha ubaguzi, halmashauri yake iliona heri kuyafunga mabwawa ya kuogelea ya umma kuliko kuyafungua kwa wote, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema halmashauri haikuvunja katiba, kwa kuwa bwawa lilikuwa limefungwa kwa weupe na weusi sawasawa. Nimeirudia hukumu hiyo kichwani mara nyingi. Usawa wa kukosa ulihesabiwa kuwa usawa, ingawa mwenye fedha alibaki na uwezo wa kujichimbia bwawa lake nyuma ya nyumba.

Uingereza nayo, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wa tabaka la wafanyakazi walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano kati yao walifungwa jela kuanzia miezi 2 hadi 6. Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kuingia mashambani. Wale wa jela walikuwa wameomba kutembea tu.

Leo mnaofunga hamwandiki rangi ya mtu kwenye kibao. Uwanja wa wazi hukodishwa kwa mwekezaji, mwekezaji huweka uzio, na uzio huwa na mlango, na mlango una kiingilio. Au mahali panabaki wazi kwa jina, lakini taa zimekufa, kwa hiyo wanawake hawapiti baada ya jua kutua. Au panabaki wazi na penye taa, ila kiti kimewekewa vyuma katikati ili mtu asijinyooshe. Kaeni siku moja kwenye kiti cha namna hiyo, waheshimiwa, mkiwa mmetoka zamu ya usiku. Kile chuma hugusa nyonga upande mmoja na upande wa pili hakitoshi kuegemea, na baada ya dakika chache mwili wenyewe unakuelewesha kwamba kiti kile kimetengenezwa na mtu aliyekaa akafikiri kwa makini namna ya kukuondoa.

Joto linaongeza uzito wa jambo hili. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kazini. Mtu aliyekaangwa na jua mchana kutwa akirudi kwenye chumba cha bati, kivuli cha mti wa barabarani kwake ni sehemu ya kazi za umma kama lilivyo bomba la maji. Miti hupandwa zaidi kule ambako tayari kuna vipoza hewa.

Sijaandika haya ili kuomba majengo makubwa, na nina wasiwasi kidogo na viongozi wanaopenda sana majengo makubwa. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari tangu mwaka 1974. Siku hizi, kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za lami huachiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, wazee na watoto. Lami ile ilikuwapo tayari. Kilichohitajika ni mtu mwenye madaraka kukubali kwamba kwa saa 7 mwenye gari asubiri. Na Ufaransa, ilipotoa likizo ya kwanza ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi wote mwaka 1936, ilipunguza pia nauli ya treni kwa asilimia 40 kwa wanaokwenda likizo, kwa kuwa serikali ilitambua kwamba mtu aliyepewa siku bila nauli amepewa siku za kukaa akitazama ukuta.

Kuhusu watoto na watu wenye ulemavu nitasema machache, kwa kuwa maandiko yanajieleza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja kucheza katika kifungu cha 31, na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja utamaduni, burudani na michezo katika kifungu cha 30. Ilibidi tufike mwaka 2013, huko Marrakesh, ndipo ulimwengu ukubaliane kwamba kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa cha nukta nundu au cha kusikiliza, na kuvuka mpaka, bila kuvunja haki za mwandishi. Kabla ya hapo, katika nchi nyingi, asiyeona aliyetaka kujisomea hadithi kwa raha zake tu alikuwa mtu wa kusubiri ruhusa.

Najua hoja mtakazonijibu, kwa kuwa nilizitumia mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba watu wa chini wakipewa muda watauharibu. Hoja hii ina umri mkubwa. Hata Shirika la Kazi Duniani, lilipotoa mwaka 1924 pendekezo lake kuhusu matumizi ya muda wa wafanyakazi baada ya kazi, lilijishughulisha na ulevi na kamari. Sikatai kwamba wapo wanaokunywa, na wapo wanaomaliza jioni nzima wakipitisha kidole kwenye kioo cha simu, jambo ambalo wenye mitandao wamelipanga liwe hivyo na wanalivuna. Lakini wapo pia matajiri wanaokunywa, na sijasikia likizo yao ikijadiliwa bungeni kwa sababu hiyo. Na mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi hawezi kujiunga na kwaya, timu au darasa. Kinachobaki kwake ni starehe isiyohitaji miadi. Tumewanyima watu jioni za uhakika, kisha tukawalaumu kwa namna wanavyotumia jioni za kubahatisha.

Hoja ya pili ni ya fedha, kwamba tuzalishe kwanza, tupumzike baadaye. Mchumi John Maynard Keynes aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya miaka 100 wajukuu wetu wangefanya kazi labda saa 15 kwa wiki, kwa kuwa mashine zingetosheleza mahitaji. Miaka hiyo 100 inatimia mwaka 2030. Mashine zilikuja, na uzalishaji uliongezeka zaidi ya alivyotarajia wengi wa zama zake, lakini muda uliookolewa haukugawanywa wenyewe kama mvua inyeshavyo. Ulikwenda kwa wenye nguvu ya kuudai. Sasa tunaambiwa kuhusu akili unde, yaani AI, maneno yaleyale tuliyoambiwa kuhusu umeme, kwamba itatupunguzia kazi. Itampunguzia nani? Iceland walijaribu kulijibu swali hili kwa vitendo: kati ya mwaka 2015 na 2019 wafanyakazi zaidi ya 2,500 walipunguziwa saa kutoka 40 hadi 35 au 36 kwa wiki bila kukatwa mshahara, na huduma hazikuporomoka. Walikuwemo watu wa maofisini na watu wa zamu pia, wa hospitali na wa shule za watoto. Kupanga upya zamu zao kulikuwa kazi ngumu, nina hakika, na kuna mtu mahali fulani aliyekaa na karatasi akaifanya.

Ninachoomba kwenu basi kinajulikana. Ratiba ya zamu itolewe wiki mbili kabla, na mabadiliko ya ghafla yalipiwe na anayeyafanya. Muda wa kusubiri kazi ya programu uhesabiwe kuwa kazi. Mkataba namba 189 uridhiwe pale ambapo haujaridhiwa, na pale ulikoridhiwa, mkaguzi awe na ruhusa ya kubisha hodi. Takwimu za matumizi ya muda, ambazo mmeahidi kuzikusanya chini ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa mkilenga kazi zisizo na malipo, zikusanywe kweli, na ziulize pia muda wa mapumziko ulikuja mzima au vipande vipande, na ulijulikana lini. Eneo la wazi likiuzwa au likikodishwa, wanaolitumia waulizwe kabla, saa ambayo hawako kazini. Ahadi ya maeneo ya umma yaliyo salama na yanayofikika na wote ifikapo mwaka 2030 mmeipitisha wenyewe katika malengo hayohayo, siiombi, ninaikumbusha.

Nilistaafu nikiwa bado nina ile penseli. Kwa hiyo ombi la mwisho ni dogo, na linaweza kutekelezwa kabla barua hii haijapangiwa jalada. Chumba mnachokutania hufagiliwa na mtu fulani, huenda alfajiri kabla hamjafika au usiku mkishaondoka. Mtafuteni, na kwa heshima zote mwulizeni ni lini alijua kwamba leo atakuwa kazini, na alikuwa amepanga kufanya nini.

Wenu kwa heshima,

Mpanga zamu mstaafu